Nilipiga kelele za mwizi, akapigwa asiyehusika

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Magomeni hapa Mtwara mjini. Nauza kanga na vitenge, nazungusha majumbani, na huu ni mwaka wa pili niko mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama 22. Nakuandikia kwa sababu tangu jambo hili linipate usingizi umenikimbia, na hapa nyumbani hakuna mtu niliyemweleza lote.

Jumapili ile tulikaa kikao, hisa na marejesho vikafika shilingi 640,000. Msimu wa korosho ulikuwa umechanganya, watu wamelipwa, hata wale tuliokuwa tunawadai tangu masika walileta. Utaratibu wetu ni kwamba mimi naondoka na hela, nalala nazo, Jumatatu asubuhi nazipeleka benki. Siku zote nimefanya hivyo na haijawahi kupungua hata mia.

Jumatatu nikazitia kwenye pochi, pochi nikaiweka kwenye mkoba wa begani, nikatoka. Humo humo mlikuwa na simu yangu, kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki, kadi ya kliniki ya mtoto na 45,000 yangu ya mtaji. Nilitoka mapema, benki ilikuwa haijafunguliwa, nikaona nipitie sokoni nichukue samaki na mchicha. Watu walikuwa wengi. Nimeinama nachagua samaki, mama mmoja akanigusa bega kwa upole kabisa: "Dada, umechafuka nyuma, umekalia nini?" Nikageuka kujitazama. Kijana mmoja akanipamia, akaniomba radhi, akapita. Kweli kanga yangu ilikuwa imelowa kitu kama maji ya samaki. Yule mama akanisaidia hata kuipangusa. Nikamshukuru, Shangazi. Nilimshukuru kwa mdomo wangu huu.

Nilipotaka kulipa, niliingiza mkono kwenye mkoba, vidole vikatokea upande wa pili. Umechanwa kwa wembe, mstari mmoja mrefu, pochi haimo na simu haimo. Nikapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Nikaona kijana anakimbia kuelekea barabarani, nikamnyooshea kidole. Sura sikuiona. Niliona mgongo unaokimbia, basi.

Wakamfikia kabla hajavuka barabara. Alipigwa huku analia, "Mimi mbeba mizigo, mama, mimi mbeba mizigo." Na ilikuwa kweli. Kulikuwa na bajaji imeleta magunia, alikuwa anaiwahi kabla wenzake hawajamtangulia. Mzee mmoja muuza dagaa akajitupa katikati ndipo wakaacha. Walipompekua walimkuta na 1,500. Jicho lilikuwa limefunga na jino moja limetoka. Mimi niliondoka. Sikumwambia hata pole.

Mume wangu nimemwambia nimeibiwa laki moja. Hata hiyo laki aliisema sana, kwamba nabeba mkoba kama nabeba kikapu. Jioni ile dada yangu wa Masasi alipata ujumbe kutoka kwenye namba yangu, kwamba nimekwama hospitali anitumie 30,000 kwa namba nyingine. Akatuma. Jirani yangu anasema hii ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta hela za watu, na ana mganga wake anayetaka 50,000 ili hela zirudi. Kikao kijacho ni Jumapili ya mwisho wa mwezi na wenzangu hawajui kitu. Nimeanza kuogopa hata kwenda sokoni, na kazi yangu ni ya kuzunguka na hela.

Nifanye nini, na mtu anajilindaje na watu wa namba hii?

Mama wa Magomeni, Mtwara

*

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama mahali pamoja: si kwenye laki sita, ni kwa yule kijana. Kwa hiyo nitaanza naye, hata kama wewe umemweka katikati ya barua.

Mpango ulikuwa wa watu wawili, pengine watatu. Wakati unapiga kelele, pochi yako ilikuwa imeshabadilisha mikono, na aliyeichukua hakuwa anakimbia. Kibaka mzoefu hakimbii. Anatembea taratibu, anasimama kuuliza bei ya nyanya, na pengine naye anapaza sauti, "Yule pale!" Anayekimbia sokoni mara nyingi ni mtu mwenye haraka zake: anawahi gari, anawahi mzigo, anamfuata mtoto. Ndiyo maana kidole chako kilimpata asiyehusika.

Sikulaumu kwa kupiga kelele. Mtu akiibiwa analia, ni maumbile. Lakini katika nchi yetu neno "mwizi" likitamkwa hadharani linaweza kuua mtu kabla hajaulizwa jina lake, na wewe sasa umeliona hilo kwa macho. Hata angekuwa ndiye, kumpiga ni kosa na hela haziwezi kutoka kwenye jino lake. Siku nyingine, Mungu apishe mbali, sema "Nimeibiwa!" Simama hapo hapo, usimnyooshee mtu kidole kama hukuuona mkono wake. Na ukiwa umeuona, paza sauti hiyo hiyo: "Mshikeni, msimpige, twende naye polisi!" Sauti ya aliyeibiwa husikilizwa kuliko ya mpita njia. Yule mzee wa dagaa alifanya kazi ambayo ilikuwa yako.

Sasa mtafute. Wabeba mizigo wanafahamiana, na uongozi wa soko utakuelekeza. Usiende peke yako, nenda na mtu mzima, na kama yule mzee wa dagaa atakubali ndiye bora zaidi. Mwombe radhi mbele ya wenzake waliomwona akipigwa, maana aibu yake ilikuwa mbele ya watu. Akihitaji dawa au matibabu ya jino, chukua gharama hata kwa awamu. Najua huna hela sasa hivi. Nenda hata mikono mitupu, radhi haingoji mshahara. Kijana huyo anaishi kwa kuaminiwa na mizigo ya watu, na asiposafishwa jina atakosa kazi kwa sababu ya kidole chako.

Mumeo sasa. Mwambie yote leo, watoto wakishalala. Atakasirika, na ana haki ya kukasirika kwa uongo kuliko kwa wizi. Ila ile kauli ya kubeba mkoba kama kikapu naomba nimjibu kidogo, kwa sababu naisikia kwa wanaume wengi ambao wenyewe wanaweka waleti mfuko wa nyuma wa suruali, wanaikalia kwenye kosta, inachungulia nje nusu nzima. Mfuko wa nyuma ndio mwepesi kuliko yote kuchomolewa, kwa sababu huko hakuna macho. Waleti ikae mfuko wa mbele, na ukiizungushia mpira wa kufungia noti itakwaruza nguo ikivutwa, utaisikia. Na wote, wake kwa waume, tuna tabia moja ya hatari. Tukisikia mtu anasema "jamani angalieni hela zenu", mkono unakwenda wenyewe kupapasa pale hela zilipo. Aliyekuwa hajui sasa anajua.

Kuhusu chuma ulete, mwanangu, mkoba wako umechanwa kwa wembe. Mwenye chuma ulete angehitaji wembe wa nini? Aliyekulowesha kanga kwa maji ya samaki ana mikono kama yako. Hiyo 50,000 ya mganga ipeleke kwa yule kijana, au kwa dada yako wa Masasi aliyetuma 30,000 kwa upendo.

Tuje kwenye hela zenyewe. Ujanja wao haukuwa wembe, ulikuwa macho yako. Mtu hawezi kuangalia mgongo na mkoba kwa wakati mmoja, kwa hiyo wanakupa kazi ya kuangalia: umechafuka, umeangusha sarafu, naomba chenji ya elfu kumi, dada hii namba ya daladala inakwenda wapi. Kwenye mlango wa basi, wa mbele yako anasimama ghafla na wa nyuma anakusukuma, na wewe unamgombeza wa mbele. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wao wanalijua hilo kuliko sisi. Mtu asiyekujua akikugusa au akikuonyesha kitu mwilini mwako penye watu, jambo la kwanza ni kuubana mkoba kifuani kwa mikono miwili. Uchafu utautazama baadaye, ukiwa umeegemea ukuta au umeingia dukani. Aliye mwema hatachukia, na aliyekuwa na nia nyingine ataondoka.

Nikwambie nilivyofundishwa mimi. Mama yangu alikuwa akisafiri kwenda Dar es Salaam miaka ile Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji, maana lilifunguliwa mwaka 2003. Mabasi ya kusini yalikuwa yakifika Ndundu yanangoja pantoni, na mvua zikikolea watu walikuwa wanalala njiani, gizani, wamebanana na mizigo yao. Mama hakuwa na mkoba wa zipu. Alikuwa na kanga mbili, na hela zake zilikuwa tatu: ya mkononi, ya njiani na ya nyumbani. Ya mkononi ilikuwa sarafu na noti ndogo, amezifunga kwenye pindo la kanga ya juu, anafungua mbele ya watu bila wasiwasi kununua muhogo na chai. Ya njiani ilikuwa nauli ya kurudia, imekaa kwingine kabisa, hata hiyo ya juu ikienda asikwame. Ya nyumbani ilikuwa ile ambayo ikipotea nyumba inatikisika. Hiyo ilikuwa kwenye fundo la kanga ya ndani, imechomekwa kiunoni, na haikuwa inatoka mpaka awe ndani ya mlango uliofungwa. Nilimuuliza kama hachoki kugawa hela kila siku. Akanijibu kwamba mwizi ana mkono mmoja tu wa kuingiza, usimkusanyie.

Wewe, mwanangu, ulimkusanyia. Hela za kikundi, mtaji, simu, NIDA, kadi ya benki na kadi ya mtoto, vyote kwenye mfuko mmoja, upande mmoja wa bega. Mpelekee fundi cherehani gagulo lako akushonee mfuko kwa ndani, upande wa mbele, wenye zipu. Hapo ndipo pakae ya nyumbani. Wengi wetu tunaweka kwenye sidiria, si vibaya, lakini tunaharibu pale tunapochomoa mbele ya muuza nyanya, maana siri imekwisha. Chochote utakachohitaji kukitoa hadharani kisikae mahali pa siri. Mkoba ubaki wa ile ya mkononi, leso na daftari la wateja wako, mkanda uvuke kifua, mkoba ukae mbele, zipu iangalie tumbo. Na kwa kazi yako ya kuzungusha kanga, ukilipwa nyumba hii usiende na hela hiyo nyumba ya kumi. Pita kwa wakala, iingize kwenye simu, endelea na safari. Kwa wakala usihesabie dirishani, na namba yako ya siri usimtajie hata akiwa shemeji yako.

Kwenye bajaji mkoba usikae upande wa barabara. Kwenye basi, simu isikae mkononi karibu na dirisha lililo wazi gari linaposimama watu wakiuza korosho na mayai. Wauzaji wale wanatafuta riziki, lakini mkono usio wa kwao unaweza kupenya katikati yao. Na kuna hili ambalo nalisema kwa uzito: usijizungushie mkanda wa mkoba kiganjani ukitembea kando ya barabara. Bodaboda akija kukwapua, mkanda uliofungwa mkononi utakuburuza. Akivuta, achia. Watoto wako watatu wanakuhitaji mzima kuliko wanavyohitaji mkoba.

Hukusema kama umefunga laini yako, na ule ujumbe wa dada yako unanionyesha kuwa hukuifunga mapema. Saa ya kwanza baada ya kuibiwa ndiyo yenye thamani. Azima simu ya mtu mwenye laini ya mtandao ule ule wa kwako, piga 100 ya huduma kwa wateja, waambie wafunge laini na akaunti ya pesa. Kisha benki wafunge kadi. Kisha ndugu wawili watatu waambiwe wasitume kitu. Baadaye nenda duka la mtandao wako na namba yako ya NIDA. Kadi imeibwa lakini namba na alama za vidole vyako bado ni vyako, laini itarudi. Ukishairudisha, piga *106# uone kama hakuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Dada yako naye aitume ile meseji ya utapeli kwenda 15040. Na simu utakayonunua, kabla hujaipenda sana, bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu za utambulisho wa simu, ziandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Namba ya siri ya kadi haiandikwi popote. Kama ilikuwa kwenye kikaratasi ndani ya pochi, waambie benki wakati wa kuomba kadi mpya.

Polisi umekwenda? Kama bado, nenda kesho, hata siku zikiwa zimepita. Wizi unaandikishwa kituoni, unapewa namba ya jalada ambayo tumezoea kuiita RB. Kwa vitambulisho kuna taarifa ya upotevu, utaihitaji NIDA na benki. Ile namba ya jalada iweke vizuri, utaingia nayo kwenye kikao.

Na kikao usikisubiri. Mwenyekiti na katibu waambie wiki hii, uso kwa uso. Mweka hazina anayesema mwenyewe siku ya nne ni mtu aliyeibiwa. Anayesubiri mpaka siku ya kikao, sanduku likiwa wazi na wenzake 21 wanamtazama, hata akisema kweli macho yao yatakuwa yameshaamua. Beba daftari, RB na ule mkoba uliochanwa, usiutupe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe daftari unalo. Katiba yenu itasema nani anabeba hasara. Mkikubaliana ulipe yote au sehemu, omba muda unaoweza kuutimiza, usiahidi kwa hofu.

Ila na mimi nina neno kwa hao wenzako 21. Kikoba kina sanduku la kufuli tatu kwa sababu: funguo tatu kwa watu watatu, asiwepo mmoja wa kuaminiwa peke yake wala wa kulaumiwa peke yake. Ninyi mmekuwa mkimpa mtu mmoja laki sita alale nazo, halafu azibebe begani kwenye umati wa msimu wa korosho, siku ile ile kila baada ya kikao. Hata kama si kibaka wa sokoni, kuna siku angekuja wa dirishani. Mwambieni wakala wa karibu aje kikaoni, hela ziingizwe kwenye akaunti ya kikundi mbele ya wote kabla hamjatawanyika. Mitandao ina huduma za vikundi, kama M-Koba, ambapo fedha hazitoki mpaka zaidi ya mtu mmoja akubali. Na ikibidi kwenda benki kwa mkono, mwende watatu, saa mliyokubaliana siku hiyo na si ya kila siku, na njia iwe moja kwa moja. Safari ya hela haichanganywi na safari ya samaki. Hilo wewe pia lichukue: kama benki ilikuwa haijafunguliwa, ungerudi nyumbani ukajifungia.

Hofu ya soko itapungua ukienda, si ukikaa. Nenda siku tulivu kwanza, asubuhi, na elfu tano tu kwenye pindo la kanga, mikono mitupu. Ukizoea, ongeza siku. Kwa kuwa unakwenda kumtafuta yule kijana, hiyo ndiyo iwe siku yako ya kwanza.

Na fundi wa gagulo mwambie asiweke zipu laini. Iwe ngumu kidogo, ya kulia ikivutwa, ili hata ukiwa umesongwa na watu uisikie mtu akiigusa.

Shangazi